Mfuga Maji wa Bondeni

Nyumbani kwetu sufuria haikuhesabiwa kuwa imeoshwa mpaka uone uso wako ndani yake. Mama alichota majivu jikoni, akayachanganya na mchanga laini wa mtoni, akasugua kwa ganda kavu la mgomba mpaka sufuria ikawa kama imetoka dukani asubuhi ile. Uwanja nao ulifagiliwa kabla watu hawajaanza kupita njiani, na jirani aliyekuta jani limelala mlangoni kwako alikuwa na la kusimulia wiki nzima. Natanguliza habari hii kwa sababu usafi huo huo ndio uliofanya niue samaki wote wa tajiri wangu kwa siku mbili, na karibu unipotezee wadogo zangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimezamisha njia hata waombolezaji wengine wakafika siku ya tatu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, baba alipoanza kuugua. Nyuma yangu walikuwapo watatu: mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la saba, na mapacha wa kiume ambao ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kuandika majina yao. Tuliishi Bondeni, mjini Kyela, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga baba.

Matanga yalipokwisha ndugu walikaa kikao. Msemaji alikuwa baba mdogo, mkulima wa mpunga kutoka Busale, mtu wa maneno machache.

"Mapacha nitakaa nao mimi," alisema. "Huyu binti wa shule ataenda kwa shangazi yake Tukuyu. Wewe umeshakuwa mtu mzima, utaolewa."

"Na nyumba, baba?"

"Itapata mpangaji."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto saba wa kwake, na bado alikuwa tayari kuongeza wawili. Lakini nilimwona mdogo wangu ameshika mikono ya mapacha, mmoja huku na mmoja huku, amebana kama mtu anayevuka mto, nikajikuta nimesema bila kupanga:

"Nipe mpaka mavuno."

"Mpaka mavuno utakuwa na nini?"

"Kazi."

"Hayo maandazi unayouza si kazi. Nataka mtu mwenye shughuli yake aniambie kwa mdomo wake kwamba anakutegemea mwezi hadi mwezi. Akiniambia hivyo, sitawagusa." Akasimama, akachukua baiskeli yake. Kikao kilikuwa kimekwisha.

Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sabuni, sukari, khanga, betri za redio, vitu ambavyo utotoni mwangu watu walivipangia foleni, sasa vilining'inia mlangoni vikikuita. Kila mwenye akili ya biashara alitafuta kitu ambacho jirani hajakifikiria. Tajiri wangu alikuwa mfanyabiashara wa Bondeni ambaye babu yake alitoka pwani, Mwislamu mpole anayevaa kofia iliyofumwa vizuri, na yeye alifikiria samaki. Si wa kula. Alisikia kwamba ng'ambo kuna watu wanaoweka samaki wa ziwa letu ndani ya vioo sebuleni na kuwatazama kama sisi tunavyotazama moto. Akaomba kibali, akakipata, akajenga banda la mabati nyuma ya duka lake na ndani yake matangi ya saruji. Wavuvi wa upande wa Matema, kule ambako milima inaingia majini na chini kuna mawe makubwa, wakaanza kumletea samaki wadogo wa rangi: wa buluu wenye mistari myeusi, wa njano kama ndizi mbivu, wa rangi ya kutu.

Mimi niliajiriwa kufagia banda hilo. Kwa kujaribiwa, alisema.

Mwenye ujuzi alikuwa Fundi, mzee mwembamba aliyevuka mto wa mpakani, Songwe, kutoka Karonga, ambako alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo miaka mingi. Lugha yake ilikuwa karibu sawa na Kinyakyusa chetu, ila alivuta maneno mwishoni. Mama yake alizaliwa upande wetu, basi akajifanya ndugu na kuniita mpwa tangu siku ya kwanza. Samaki wote walikuwa kwenye tangi moja tu alilolipenda, tangi la kwanza; jingine lilikuwa jipya, bado tupu. Mawe yake yalikuwa yamevaa utelezi wa kahawia, na kwenye pembe palikuwa na ndoo iliyotobolewa, imejazwa vipande vya godoro la sponji. Maji yalisukumwa na mashine ndogo ya hewa, yakapita humo yakirudi tangini. Sponji ile ilikuwa chafu kiasi cha kunitia kichefuchefu. Kila nilipopita karibu nayo mikono iliniwasha.

Siku moja Fundi akaitwa msibani kwao. Alipokuwa akifunga mzigo, Tajiri akaja na habari kwamba mnunuzi anapita wiki hiyo kuona banda.

"Binti, nataka pang'ae," aliniambia. "Mgeni akiingia aseme mashallah."

Nilifanya kama mama alivyonifundisha. Niliwaweka samaki kwenye mapipa, nikatoa mawe moja moja, nikayasugua kwa majivu na mchanga mpaka yakawa kama mayai. Sponji niliikamua, nikaifua, nikaianika juani. Kuta za tangi nilizipigia majivu pia. Nikachota maji ya kisima, meupe kabisa, ndoo baada ya ndoo, nikarudisha kila kitu mahali pake na kuwaongezea samaki chakula ili mgeni awakute wachangamfu. Tajiri aliingia, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mashallah," alisema, ingawa mgeni alikuwa hajafika.

Kesho yake samaki walikuwa juu, midomo nje, wakitweta kama watu waliokimbia. Keshokutwa walielea ubavu. Mnunuzi alipofika alikuta tangi safi kuliko yote aliyowahi kuyaona, na ndani yake hakuna kitu.

Fundi aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye tangi lake. Aliingiza mkono majini, akashika jiwe, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Nani amefua mawe?"

"Mimi, mjomba."

"Na sponji?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu."

Alikaa juu ya ndoo, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mpwa wangu," alisema, "ule uchafu ndio uliokuwa ukifanya kazi humu ndani. Mimi na wewe ni wafagiaji tu."

Tajiri alitaka niondoke siku ile ile. Nakumbuka alivyosimama mlangoni na funguo mkononi, hanitazami. Fundi akamwambia, kwa utulivu kama anayezungumzia bei ya nyanya: "Mfukuze, ulete mwingine naye aje kufua. Huyu ameshafua. Mpe lile tangi jipya, aliandae yeye. Likishindwa, nitamsindikiza mwenyewe mpaka kwao."

"Na kama likifaulu?"

"Utakuwa na watu wawili wanaojua maji. Sasa unaye mmoja, tena mzee."

Tajiri akazigeuza funguo kiganjani. Mwishowe akarudisha funguo mfukoni, na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Kuanzia hapo nilisoma. Sikuwa na darasa wala ubao, nilikuwa na tangi la saruji mbichi lenye urefu wa mtu aliyelala. Saruji mpya hutema chokaa, na chokaa hiyo huunguza samaki. Fundi akanituma nikate migomba iliyokwisha kuzaa. Nikaikata vipande, nikaijaza tangini na maji, ikakaa inaoza wiki mbili. Nikamwaga, nikajaza, nikamwaga tena. Kisha tukaweka changarawe na mawe kutoka ziwani, yaliyosafirishwa ndani ya ndoo yakiwa yameloa, na utelezi wake wote.

"Usiyaguse hata kwa kucha," alisema Fundi.

Maji ya kisima cha Bondeni ni laini mno, ni maji ya mvua yaliyopita kwenye udongo wa mpunga. Samaki wa ziwani wamezoea maji mazito zaidi. Dawa yake ilikuwa magadi, haya haya ya kuivishia maharage, na chumvi kidogo ya mawe. Fundi alinionyesha kipimo kwa kikombe cha bati, akaninong'oneza kama vile ni siri ya ukoo.

Halafu ikaja sehemu iliyonifanya kichekesho cha mtaa. Tangi lilipojaa, hatukuweka samaki hai. Tuliweka usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, tena waliokufa, kiganja kimoja, wamefungwa ndani ya kipande cha chandarua. Tukawaacha waoze.

Fundi alinieleza mara tatu, na mara ya tatu nikaelewa. Kitu kinapooza majini hutoa sumu. Kuna viumbe wasioonekana wanaokula sumu hiyo, lakini nao huacha sumu nyingine. Kisha wanakuja viumbe wengine, wavivu zaidi wa kuzaliana, wanaokula ile sumu ya pili na kuacha kitu kisichodhuru, kitu ambacho mgomba ungekipenda. Yeye aliziita amonia, nitriti na nitrati. Mimi niliziita sumu kubwa, sumu ndogo na mbolea, na sijaacha. Viumbe hao huishi kwenye utelezi wa mawe na ndani ya sponji chafu. Majivu yangu yalikuwa yamewamaliza wote kwa asubuhi moja, kisha nikawarudisha samaki waogelee ndani ya choo chao wenyewe.

Alikuwa na vichupa vitatu vya dawa vilivyotoka ng'ambo. Unachota maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, unadondosha matone, unasubiri, unalinganisha rangi na kadi. Sumu kubwa ilionekana kijani. Sumu ndogo ilikuwa waridi, na ikizidi ikawa kama maji ya rozela. Kila asubuhi nilipima na kuandika rangi kwenye daftari la mdogo wangu, upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele ulikuwa na hesabu zake.

Banda lilinuka. Mimi nilinuka. Kisimani wanawake walinisogelea kwa upande ule tu ambao upepo ulitoka.

"Mugonile, mama samaki!" alinisalimu mmoja kwa Kinyakyusa.

"Samaki gani, mwenzangu? Huyu hana samaki. Anafuga maji."

"Ee! Na yanazaa lini?"

"Yakizaa nitakuletea ndoo moja, dada," nilijibu, "uwalee wajukuu."

Walicheka, nikacheka nao, nikajitwika ndoo yangu. Lakini jina likabaki. Mfuga maji. Mapacha walirudi nalo kutoka shuleni, mmoja akiwa na shati limechanika bega kwa kupigana juu yake.

Wiki ya tatu sumu kubwa ilipanda hadi kijani kibichi, kisha ikaanza kushuka, na waridi ikajitokeza. Nilikimbia kumwonyesha Fundi kile kichupa kana kwamba nimejifungua. Akasema, "Wamekuja." Tangu hapo nilianza kuwaona kama watu, hao tusiowaona. Niliongeza usipa kidogo kidogo, nikawalisha.

Wiki ya tano mambo yakasimama. Waridi haikupanda wala kushuka. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne, rangi ile ile. Masika yalikuwa yamepamba moto, mvua ya Kyela haipigi hodi, na mashambani mpunga ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa. Fundi alilala na homa. Nilikwenda kwake mara mbili, akaniambia tu kutoka kitandani, "Wana njaa ya kitu, au wamechukia kitu. Tafuta."

Nilisimama kwenye tangi langu asubuhi nzima. Mashine ya hewa ilikuwa inafanya kazi. Usipa walikuwepo. Niliinua macho nikaona bati lina tundu, na chini ya tundu maji yanadondoka tangini, tone baada ya tone, na pengine yalikuwa yakidondoka hivyo kwa wiki mbili. Maji ya mvua. Maji matupu kabisa, hayana chochote ndani yake.

Nilifanya jambo ambalo Fundi baadaye alilikataza kwa ukali. Nilichovya kidole, nikaweka kwenye ulimi, nikatema. Ladha ya magadi ilikuwa imekwisha. Nimepika maharage tangu nina miaka minane. Magadi yakipungua kwenye chungu naweza kukwambia kabla hujafunua mfuniko. Wale viumbe walikuwa wamechukia maji laini. Nikaziba tundu kwa kipande cha lami, nikayeyusha magadi kwenye ndoo, nikayamimina taratibu, nusu kikombe asubuhi na nusu jioni, kwa siku tatu, maana Fundi alinionya kwamba maji hayapendi kushtuliwa.

Siku ya nne waridi ikapauka.

Fundi alipoamka na kupima, alinigeukia. "Nani alikwambia ni magadi?"

"Nilionja."

"Ulionja *hayo*?" Akaenda nje kutema mate, kana kwamba ndiye aliyeonja. Aliporudi alikuwa anacheka, na safari hii kicheko kilikuwa na furaha.

Ndipo baba mdogo akaja, mapema kuliko nilivyotarajia. Mashamba ya Busale yalikuwa yameanza kuvunwa. Aliegemeza baiskeli, akaingia bandani akiwa ameziba pua kwa leso, akainama juu ya tangi langu.

"Ndiyo kazi yenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Samaki wako wapi?"

"Bado. Maji hayajaiva."

"Maji." Alitazama usipa waliooza ndani ya chandarua. "Mwanangu, watu njiani wameniambia, nikadhani ni utani." Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Jumapili nakuja na gari la mpunga. Wafungie watoto nguo zao."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni ile mdogo wangu alikunja sare za mapacha, akazifungua, akazikunja tena.

Alhamisi, kana kwamba Mungu alitaka kuona nitafanya nini, Tajiri akaingia bandani anahema. Wavuvi walikuwa wamefika bandarini Itungi na boti iliyojaa samaki, wengi na wazuri, wiki moja kabla ya ahadi yao. Mnunuzi alikuwa amekubali kujaribu tena. Samaki wapumzike tangini siku chache, kisha waende Mbeya, na kutoka huko Dar es Salaam kwenye ndege.

"Gari liko nje," alisema. "Toa huo uchafu wako, samaki waingie leo."

Nilikuwa nimepima asubuhi. Sumu kubwa ilikuwa imekwisha. Sumu ndogo ilibaki, waridi hafifu, rangi ya ukucha wa mtoto. Hafifu, lakini ipo. Nilijua pia kwamba banda lenye samaki Jumapili ndilo kitu pekee ambacho baba mdogo angekielewa. Ningenyamaza tu, angewakuta wanaogelea. Wangekufa Jumatatu, na Jumatatu yeye angekuwa Busale.

"Hapana, Tajiri," nilisema.

"Unasemaje?"

"Wakiingia leo watakufa. Waache ziwani."

"Wewe binti, umeishia darasa la ngapi?"

"La sita."

"Na hayo maji yako?"

"Yako la saba, Tajiri. Bado mtihani."

Dereva aliyekuwa mlangoni akaguna kicheko, akakimeza. Tajiri akamgeukia Fundi. "Mzee, sema neno."

Fundi alikuwa anasuka kamba ya chandarua. "Tangi ni lake," alisema. "Mimi nina langu, nalo halijaiva."

"Waachwe ziwani vipi? Ndani ya boti?"

"Kwenye vizimba vya nyavu," nilisema. "Tuvifunge ubavuni mwa boti, isogee mbele ziwani, matope ya mto yasiwafikie. Wavuvi wanavyo. Mpaka Jumapili asubuhi tu. Kama Jumapili maji hayatakuwa tayari, nifukuze, na mjomba atanisindikiza."

Tajiri alivua kofia, akajipangusa kichwa. Nadhani alikuwa anaona lile tangi safi, na samaki wakielea ubavu. "Mpaka Jumapili," alisema. "Na mkosi usinifuate mara mbili."

Ijumaa waridi ilikuwa kama pumzi kwenye kioo. Jumamosi asubuhi haikuwepo. Lakini mtihani wa Fundi ulikuwa mkali zaidi: unaweka usipa wengine, wengi, uchafu wa kutosha kuua tangi zima la samaki, na maji yanatakiwa kuumaliza kwa siku moja. Nikaweka viganja viwili vya usipa waliokwisha kulainika. Nikaenda nyumbani kuosha nguo za wadogo zangu, kwa sababu ziwe zinakwenda Busale au Tukuyu au zinabaki, zilikuwa na madoa.

Jumapili kengele za kanisa zilikuwa zinalia nilipofungua banda. Nilidondosha matone ya kwanza, nikasubiri. Njano safi, sumu kubwa hakuna. Nikadondosha ya pili. Niliegemeza kichupa kwenye ukingo wa tangi. Maji yalibaki yalivyo, bila rangi. Nikarudia, nikidhani nimesahau dawa. Hayana rangi. Kichupa cha tatu, cha mbolea, kikageuka rangi ya damu ya mzee: kila kitu nilichowalisha kwa wiki zote zile kilikuwa kimefika mwisho wa safari yake.

Nilimwita Fundi. Akapima mwenyewe, akaweka vichupa vitatu mstarini juu ya saruji, akasema kwa kwao na kwa kwetu, "Ndaga." Asante. Sijui alikuwa anamshukuru nani.

Tulipunguza maji nusu kuondoa mbolea, tukajaza mapya yenye magadi yake. Saa nne samaki walifika kutoka Itungi, tukawazoesha kwa kata moja moja ya maji ya tangi ndani ya mapipa yao, kisha tukawaachia. Walishuka chini, wakajificha. Baada ya muda mmoja wa buluu akatoka nyuma ya jiwe, akalitazama lile jiwe lenye utelezi, akaanza kulilamba kana kwamba yuko kwao.

Gari la mpunga lilisimama nje saa sita. Baba mdogo aliingia na kanzu ya kanisani. Aliinama. Rangi zile zilimpiga machoni.

"Wamekuja," alisema.

"Wamekuja leo, baba. Sitakudanganya. Wale wa kwanza walikufa siku ya pili. Nipe siku tatu."

"Nina mpunga juani, mwanangu."

Hapo Tajiri, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akakohoa. "Mzee wangu," alisema, "huyu binti alinikatalia mali yangu mwenyewe ndani ya banda langu mwenyewe. Mwenye kiburi cha namna hiyo ama ni mwendawazimu ama anajua. Keti nasi tujue ni lipi."

Baba mdogo akaliagiza gari lirudi Busale, naye akalala kwa rafiki yake wa kanisani. Jumatatu asubuhi alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumanne alikuja tena, mapema zaidi. Kufikia Jumatano alikuwa amewapa samaki majina. Mmoja mnene alimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliwafukuza wengine kwenye jiwe kubwa. Aliniuliza wanakula nini, uchafu wao unakwenda wapi, kwa nini maji hayanuki tena. Nilimweleza sumu kubwa, sumu ndogo na mbolea, naye, mtu aliyelima kwa miaka thelathini, akajipiga gotini kwa kiganja.

"Kumbe ni shamba," alisema.

Hakufa hata mmoja. Alhamisi tuliwafungasha kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa, wakaenda Mbeya, na wiki iliyofuata simu ikaja dukani kwamba wamefika ng'ambo wakiwa hai, na wanatakiwa wengine. Lakini Tajiri hakuisubiri simu hiyo. Asubuhi ile ya Alhamisi alitoa ufunguo wa banda kwenye shada lake la funguo, akanipa mbele ya baba mdogo.

"Namtegemea," alimwambia. "Mwezi hadi mwezi. Ulitaka usikie kwa mdomo wangu, umesikia."

Baba mdogo alikwenda nyumbani, akakuta vifurushi vitatu vimepangwa barazani, vimefungwa kwa kamba ya mkonge. Akainama, akafungua fundo moja baada ya jingine kwa mikono yake. Akashusha gunia la mpunga kutoka kwenye gari lililokuja kumchukua, akaliweka palipokuwa na vifurushi, akaondoka.

Nilifanya kazi ile miaka kumi na moja. Mdogo wangu alisoma mpaka akawa muuguzi, mapacha ni watu wazima wenye watoto. Sufuria za nyumbani kwangu bado zinasuguliwa kwa majivu, waulizeni wakwe zangu. Mawe ya tangini sijayagusa tena hata kwa kucha.

Na mwaka mmoja baada ya gunia lile la mpunga, nilipokwenda Busale kusaidia kuvuna, nilimsikia baba mdogo akinitambulisha kwa wageni katikati ya shamba, kifua mbele.

"Huyu ndiye binti yetu," alisema. "Anafuga maji."